Nyuzi Sita, Wimbo Mmoja

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: Matendo 15:36-41, Wafilipi 4:2-3

Popote mlipo asubuhi ya leo, ikiwa ni jikoni mkitayarisha chai, ikiwa ni kitandani hospitalini, ikiwa ni safarini, twawaomba mketi nasi kwa muda mfupi ili tulitafakari Neno la Mungu pamoja. Mwenye Biblia karibu na afungue Matendo ya Mitume, sura ya 15, aya ya 36, kisha aweke kidole katika Waraka kwa Wafilipi, sura ya 4, aya ya 2 na ya 3.

Leo twataka kusema juu ya jambo lisilosemwa sana mimbarani, bali husemwa sana nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Ni magomvi ya wale wanaotuimbia na kutupigia vyombo. Karibu kila kanisa letu sasa lina kikundi cha vijana wenye magitaa, ngoma na kinanda. Hawa si watu wa mshahara. Mmoja ni fundi, mwingine mwalimu, mwingine muuza mboga sokoni, mwingine bado yuko shuleni. Wanakusanyika jioni baada ya kazi, wakiwa wamechoka, nao wanajitolea kwa ajili ya kumsifu Mungu. Lakini mara nyingi, kabla mwaka haujaisha, twasikia ya kwamba mpiga gitaa hasemi na mpiga ngoma, au waimbaji wawili hawataki kusimama kwenye kipaza sauti kimoja, au kikundi kimegawanyika na nusu yao wamekwenda kanisa jingine. Ndipo wazee hutikisa kichwa na kusema, "Watu hawa wawezaje kuimba juu ya upendo, na wao wenyewe hawapendani?"

Swali hilo ni zuri. Lakini, ndugu zangu, tusilijibu haraka.

Kwanza, na tujue ya kwamba kugongana kwa tabia si ajabu, wala si kila mara ni dhambi. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Katika Matendo sura ya 15 twasoma habari za fahali wawili wa Injili, Paulo na Barnaba. Walikuwa wamesafiri pamoja, wakapigwa vita pamoja, wakasimama pamoja mbele ya baraza la Yerusalemu. Kisha wakashindana juu ya kijana mmoja, Yohana Marko. Marko alikuwa amewaacha njiani huko Pamfilia na kurudi nyumbani. Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo hakutaka hata kidogo. Luka hafichi jambo hilo. Atwambia ya kwamba ushindani ulikuwa mkali hata wakaachana, huyu akaenda Kipro na yule akashika njia ya Shamu na Kilikia.

Ni nani aliyekosa? Makanisa yamejadiliana juu ya swali hilo kwa karne nyingi. Sisi twaona kwamba kila mmoja alikuwa akiitumia tabia ambayo Mungu alimpa. Barnaba, ambaye jina lake lilimaanisha mwana wa faraja, alimtazama mtu kwanza, kisha kazi. Ni yeye aliyemshika Paulo mkono siku zile ambazo wanafunzi wote walimwogopa. Paulo aliitazama kazi kwanza, kwa maana alijua hatari ya safari ile, na mtu aliyekimbia mara moja aweza kukimbia tena. Kanisa lilimhitaji Barnaba, na kanisa lilimhitaji Paulo. Lakini mkiwaweka wawili hawa katika bendi moja, na siku ya mazoezi mwimbaji mmoja akakosa kuja mara mbili, mwajua mtakayoyasikia! Mmoja atasema, "Tumsamehe, ni kijana bado." Mwingine atasema, "Aondoke, atatuaibisha siku ya Pasaka."

Mungu hakuumba gitaa lenye nyuzi sita zilizo sawa. Uzi wa juu ni mnene na sauti yake ni nzito, uzi wa chini ni mwembamba na sauti yake ni kali. Kama nyuzi zote sita zingekuwa na unene mmoja na sauti moja, gitaa hilo lingekuwa la kazi gani? Hata kwaya zetu twazigawa katika sauti nne, nazo hazifanani. Basi mtu akisema, "Mimi na fulani hatufanani kabisa," twamjibu, "Ndugu, hiyo si habari ya kuvunja bendi. Hiyo ndiyo sababu bendi iliundwa."

Pili, na tujue ya kwamba tofauti isiyoshughulikiwa huzaa dhambi. Ufa usipozibwa, ukuta hujengwa upya. Hapa twawaomba mtuvumilie, tueleze kidogo kazi ya mpiga gitaa, kwa maana kuna somo ndani yake.

Mpiga gitaa hulinganisha nyuzi zake kabla ya kuanza. Njia moja iliyozoeleka ni hii. Hubonyeza uzi mnene kuliko zote katika nafasi ya tano ya shingo ya gitaa, kisha hupiga uzi huo pamoja na ule wa pili yake. Sauti hizo mbili zapaswa kuwa moja. Zikiwa mbali sana, kila mtu husikia ubaya wake. Lakini zikiwa karibu bila kuwa sawa, jambo jingine hutokea. Sikio husikia mtetemo, kama mawimbi yanayopanda na kushuka, wu-wu-wu-wu. Uzi mmoja ukitikisika mara 110 kwa sekunde, na mwenzake mara 112, mawimbi hayo yatasikika mara 2 kila sekunde. Mpigaji akiendelea kukaza kidogo kidogo, mawimbi hupungua mwendo, yakawa polepole, polepole zaidi, kisha yakatoweka, na nyuzi mbili zikasema neno moja.

Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, mawimbi yale si ishara ya kwamba uzi umeharibika. Ni ishara ya kwamba nyuzi mbili zimekaribiana na bado hazijapatana. Ndivyo ilivyo katika kikundi. Watu walio mbali na sisi hawatuudhi sana. Anayetuudhi ni yule tunayekaa naye bega kwa bega kila Jumamosi. La pili, hakuna mpiga gitaa ambaye husema, "Nililinganisha nyuzi mwaka jana, yatosha." Joto likipanda, nyuzi hulegea. Uzi mpya ukifungwa, hulegea. Gitaa likisafirishwa kwa basi, hulegea. Kila mara hulinganishwa tena, wala hakuna anayeliita gitaa baya kwa sababu hiyo. Kwa nini basi sisi twafikiri ya kwamba watu saba wenye taabu saba za nyumbani waweza kukaa mwaka mzima bila kulinganishwa mioyo?

Wasikilizaji wapendwa, na tuwape mfano mmoja tulioujua wenyewe. Hatutataja mahali wala watu.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa na wazee wa parishi moja ya mashambani. Bendi yao ya vijana ilikuwa na magitaa matatu, ngoma, kinanda na waimbaji watatu. Mpiga solo alikuwa fundi wa redio, kijana mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi vilevile. Mpiga besi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa utaratibu, na ndiye aliyekuwa kiongozi. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Mwalimu hufika saa nane na nusu. Fundi hufika saa kumi, wakati mwingine saa kumi na nusu, akiwa amebeba gitaa begani na kuwatania wenzake. Mwalimu alikuwa na daftari. Kila aliyechelewa jina lake liliandikwa, na kila mwisho wa mwezi majina hayo yalisomwa mbele ya wote.

Hawakugombana kwa maneno. Waligombana kwa vyombo. Fundi alipandisha sauti ya gitaa lake, na mwalimu naye akapandisha besi. Mpiga ngoma, ili asikike, akapiga kwa nguvu zaidi. Waimbaji watatu walikuwa wakifungua vinywa, na hakuna aliyewasikia. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ilipasuka Jumapili ya sikukuu ya mavuno. Katikati ya wimbo, mbele ya washirika wote, fundi alichomoa waya wa gitaa, akaliweka chini, akatoka kwa mlango wa ubavuni. Vyombo vikanyamaza kimoja kimoja. Akina mama wa viti vya mbele ndio walioumalizia wimbo ule kwa vinywa vyao.

Kwa muda wa miezi mitatu kijana yule hakuonekana kanisani. Hakuja Mezani pa Bwana. Wapendwa, hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Kanisa laweza kuishi bila gitaa. Akina mama wale walituonyesha hilo. Lakini kijana aliyebatizwa na kuthibitishwa, ambaye Kristo alimfia, alikuwa akikaa kibandani mwake kila Jumapili akitengeneza redio za watu, huku akisikia kengele ya kanisa ikilia.

Tulipofika, wazee walitaka tuite mkutano wa bendi nzima usiku uleule. Tulikataa. Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 18, ametupa utaratibu. Jambo huanzia kwa wawili, faraghani. Wakishindwa, huongezwa mtu mmoja au wawili. Kanisa zima huja mwisho. Sisi Wakristo tumezoea kuugeuza utaratibu huo. Twaanza na kanisa zima, tena sokoni, na yule mwenye jambo huwa wa mwisho kuambiwa!

Basi tulimwendea kila mmoja mahali pake. Tuliketi kibandani kwa fundi, juu ya sanduku la betri. Hapo tulifahamu ya kwamba Jumamosi alasiri ndiyo saa ambayo wateja wake huja kuchukua redio zao na kulipa, na kwa fedha hizo alikuwa akiwalipia karo wadogo zake wawili. Hakumweleza mtu. Alisema, "Padre, mimi ni mtu mzima. Jina langu likisomwa mbele ya wasichana kama la mtoto wa shule, nitajieleza vipi?"

Kisha tulimwendea mwalimu. Naye alikuwa na yake. Kila Jumamosi ndiye aliyebeba amplifaya kwa baiskeli kutoka nyumbani kwake, kwa maana kanisa halikuwa na stoo yenye kufuli. Mlima ule ulimtoa jasho. Alipofika na kukuta wenzake hawapo, aliona wanamdharau. Alisema, "Mimi sijui kucheka kama yeye. Wanampenda kwa mzaha wake. Mimi wananihitaji kwa kubeba mizigo tu."

Mwaona, wapenzi? Mmoja alifikiri anadharauliwa, na mwingine alifikiri vivyo hivyo. Daftari lile halikuwa ukali tu. Lilikuwa kilio cha mtu aliyechoka. Mizaha ile haikuwa utovu wa nidhamu tu. Ilikuwa kifuniko cha aibu.

Siku ya tatu tuliwakutanisha wawili hao nyumbani kwa katekista, mzee ambaye wote walimheshimu. Tulimwomba kila mmoja aeleze, si makosa ya mwenzake, bali Jumamosi yake, tangu asubuhi hadi jioni. Fundi alipomaliza, mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Ndugu yangu, nimekusoma kama mwanafunzi wangu. Nisamehe." Na yule mwingine akasema, "Nami niliuona mzigo kwenye baiskeli yako kila juma, nikakaa kimya."

Hatuwaambii ya kwamba tangu siku hiyo wakawa marafiki wa chanda na pete. Hawakuwa hivyo. Mmoja bado ni mwepesi, mwingine bado ni mtu wa utaratibu. Lakini mazoezi yalihamishwa hadi saa kumi na moja jioni. Daftari lilifungwa. Amplifaya ikatafutiwa kabati lenye kufuli kanisani. Tena waliweka sheria moja ambayo twaipendekeza kwa bendi zote. Sauti ya vyombo itaamuliwa na waimbaji, wala si wapigaji. Mwimbaji asipoyasikia maneno yake mwenyewe, huinua mkono, na kila chombo hushuka bila ubishi. Na Jumapili ya tatu baada ya hapo, kijana yule alipiga magoti Mezani pa Bwana, upande mmoja na mwalimu.

Tatu, na tuseme juu ya mzizi ulio chini ya magomvi mengi ya waimbaji. Mzizi huo ni wivu wa sifa. Somo lake liko katika 1 Samweli sura ya 18. Wanawake walitoka mijini wakiimba na kupiga ngoma, wakampa Daudi sifa nyingi kuliko Sauli. Wimbo mmoja tu! Tangu siku ile Sauli akamtazama Daudi kwa jicho baya. Kesho yake Daudi alikuwa akipiga kinubi mbele ya mfalme kama ilivyokuwa desturi yake, na mkononi mwa Sauli mlikuwa na mkuki. Muziki uleule uliokuwa ukimtuliza hapo kwanza, sasa ukaambatana na mkuki.

Ndugu mwimbaji, mikuki yetu ya leo haina chuma. Ni kusahau makusudi kumwambia mwenzako ya kwamba saa ya mazoezi imebadilishwa. Ni kusifu kwa namna ya kuchoma, "Leo angalau hukukosea sana." Ni kunung'unika kila mara dada fulani akipewa kuanzisha wimbo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Dawa yake twaipata katika 1 Nyakati sura ya 25. Mfalme Daudi aliwapanga waimbaji wa nyumba ya Bwana chini ya Asafu, Hemani na Yeduthuni. Hesabu yao waliofundishwa kuimba ilikuwa watu 288. Je, zamu zao ziligawanywaje? Kwa ukubwa? Kwa umaarufu? La. Walipiga kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi, wakapata zamu 24 za watu 12 kila moja. Yafaa vikundi vyetu vijifunze hapo. Mwenye kipawa kikubwa asiimbe kila Jumapili. Anayejifunza apewe nafasi. Na katika 2 Nyakati sura ya 5 twasoma ya kwamba siku ya kuwekwa wakfu hekalu, makuhani 120 walipopiga tarumbeta pamoja na waimbaji, wote kwa sauti moja, ndipo nyumba ikajaa wingu la utukufu wa Bwana, hata makuhani wasiweze kusimama na kuhudumu. Watu walisahau ni nani aliyepiga vizuri zaidi.

John Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza, aliona hatari hiyohiyo miongoni mwa watu wake. Mwaka wa 1761 alichapisha maagizo saba juu ya kuimba. Aliwataka waimbe kwa nguvu, lakini kwa kiasi, mtu asijitokeze juu ya wenzake. Waimbe kwa mwendo mmoja, asiwepo wa kukimbia mbele wala wa kubaki nyuma. Na zaidi ya yote, kila neno liwe kwa ajili ya kumpendeza Mungu kuliko kujipendeza nafsi. Zimepita karne mbili na zaidi, na maagizo hayo yangeweza kubandikwa leo kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi cha kanisa lolote la Kenya.

Wala tusidhani ya kwamba bendi kanisani ni jambo la siku hizi. Katika vijiji vya Uingereza, karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakulima na mafundi walipiga fidla na klarineti katika roshani ya kanisa kila Jumapili. Mwandishi Thomas Hardy, ambaye baba yake na babu yake walipiga vyombo katika kanisa la Stinsford, aliandika mwaka wa 1872 hadithi juu ya bendi ya namna hiyo iliyoondolewa ili kinanda kichukue nafasi yake. Karibu bendi zote zile zilitoweka. Vyombo hupita, mitindo hupita. Kinachobaki ni kama wapigaji walikuwa ndugu au hawakuwa.

Sasa twageukia Wafilipi sura ya 4, tupate mashauri ya kutenda. Euodia na Sintike walikuwa wanawake wawili walioishindania Injili pamoja na Paulo, nao hawakupatana. Angalieni jinsi mtume anavyowashughulikia. Anamsihi Euodia, anamsihi na Sintike. Neno la kusihi analirudia, mara moja kwa kila mmoja. Haegemei upande. Hawaulizi nani alianza. Halafu anamwomba mtenda kazi mwenzake awasaidie wanawake hao, maana kuna nira ambazo wawili peke yao hawawezi kuzifungua. Na mwisho anakumbusha ya kwamba majina ya watenda kazi wenzake yamo katika kitabu cha uzima. Wawili wasiosalimiana hapa wameandikwa katika kitabu kimoja kule!

Kwa hiyo, enyi viongozi wa kwaya na bendi, twawashauri hivi. Kabla ya kununua gitaa la pili, patanani juu ya mambo matatu: saa ya mazoezi, kiongozi ni nani na kwa muda gani, na fedha. Hasa fedha. Bendi ikialikwa arusini na kupewa zawadi, ijulikane mapema itawekwa na nani na itagawanywaje, na iandikwe. Urafiki mwingi umevunjwa na bahasha moja. Tena, asiyeridhika aseme mazoezini, si mbele ya washirika, wala asimpitishe mtu wa tatu. Na kila mazoezi yaanze kwa dakika chache za kuulizana hali, si hali ya sauti tu, bali ya nyumbani na ya kazi. Huko ndiko kulinganisha nyuzi.

Nanyi wazee wa kanisa, msiwaite vijana hawa siku ya ugomvi tu. Waulizeni kama wana kabati lenye kufuli. Waulizeni ni nani abebaye mzigo.

Na je, ikiwa wamejaribu yote na bado hawawezi kufanya kazi pamoja? Basi na waachane kama Paulo na Barnaba, si kama Kaini na Habili. Kuna wakati ambapo bendi mbili zenye amani hulisifu Jina la Bwana kuliko bendi moja yenye chuki. Lakini waachane kwa kuombeana, vyombo vikigawanywa kwa haki, wala pasiwe na maneno ya kuchafuana. Maana habari ya Marko haikuishia katika Matendo 15. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni na karibu na mwisho wa mwendo wake, alimwandikia Timotheo amchukue Marko aje naye, kwa kuwa alimfaa kwa utumishi. Yule kijana ambaye Paulo hakumtaka, sasa amhitaji. Na Barnaba tena, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, Paulo amtaja kama mtenda kazi mwenziwe bila neno la uchungu. Mlango haukufungwa kwa msumari. Ulirudishwa tu.

Huenda asubuhi hii yuko mtu anayetusikiliza ambaye gitaa lake limetundikwa ukutani tangu mwaka jana, na vumbi limeingia. Au yuko dada ambaye sauti yake haijasikika kanisani tangu siku ile alipoambiwa neno lile. Ndugu, dada, katika Mathayo sura ya 5 Bwana Yesu amesema juu ya mtu aliyeileta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka ya kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaamriwa aiache sadaka, aende apatane kwanza, kisha arudi aitoe. Wimbo wako ni sadaka. Usingoje yeye aje. Nenda leo, kabla jua halijatua, umuulize, "Jumamosi yako huwaje?" Kisha unyamaze, umsikilize.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba na sauti zisizofanana, twakushukuru kwa ajili ya wote wanaokuimbia katika makanisa yetu bila malipo ya wanadamu. Uwaponye waliojeruhiana. Uwavunje wenye kiburi kwa upole wako, na uwainue waliojiona wamedharauliwa. Uwarudishe Mezani pako waliotoka kwa mlango wa ubavuni. Utulinganishe kila siku, hata sifa zetu ziwe sauti moja masikioni pako. Twaomba hayo katika Jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, wapenzi wasikilizaji. Kwaherini.